Swichi inamkumbukaje jirani? Pingi ya kwanza inapotea

mwana_uyole: Wakuu habari za baridi. Nahudumia mtandao wa hosteli moja hapa Iyunga Mbeya, tuna swichi ya Cisco ya leya 3 (inaweza pia kupitisha pakiti kati ya mitandao) yenye VLAN tatu, yaani mitandao mitatu iliyotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo. Sasa nikipingi printa iliyolala tangu jana, yaani nikiitumia pakiti za kuuliza kama ipo, ile ya kwanza inapotea halafu zinazofuata zote freshi. Na kingine kinachoniumiza kichwa zaidi, nimefungua Wireshark (programu ya kuonyesha pakiti zinazofika) kwenye laptopu yangu nakuta pakiti zinazoenda kwenye seva ya logi (inayokusanya kumbukumbu za vifaa), mimi hazinihusu kabisa ila poti yangu inazipokea. Tebo ya ARP nikiangalia seva ipo vizuri tu. Swichi inahifadhi wapi hawa majirani, yaani vifaa vilivyounganishwa nayo?

fundi_kihesa: Mkuu hapo kuna tebo mbili usizichanganye. ARP inajua IP hii (anwani ya mtandao) ni ya MAC ipi (anwani ya kifaa chenyewe), tebo ya MAC inajua MAC hiyo iko poti gani. Swichi inazijumlisha na ruti zake inaandika kwenye chipu kwamba pakiti ya IP fulani ikija weka MAC mpya ya anayeipokea, punguza TTL (hesabu ya hatua pakiti inazoruhusiwa kupita) moja, toa poti ile, na prosesa haiguswi kabisa ndo maana inakimbia. Sasa printa yako ilipolala haikujibu ARP ikafutwa, kwa hiyo chipu inajua tu kwamba mtandao ule uko VLAN ile, pakiti ya kwanza inapandishwa kwa prosesa, prosesa inauliza VLAN nzima nani mwenye IP hii, na wakati jibu linasubiriwa ile pakiti inatupwa. Hiyo siyo ubovu.

dada_wa_neti: La seva ndo lenye utamu. Chukulia gunia la viazi linaenda Mwanjelwa, IP ni jina la mwenye kibanda, MAC ni namba ya kibanda, poti ni uchochoro wa kupita. Kwenye Cisco ARP kawaida inakaa masaa 4 yaani sekunde 14400, lakini MAC inafutwa baada ya sekunde 300 kama mwenyewe hajatuma kitu. Seva ya logi kwa UDP (njia ya kutuma bila kusubiri jibu) inapokea tu haijibu, basi dakika 5 zikipita swichi inabaki na namba ya kibanda ila uchochoro kasahau, inamwaga gunia kila uchochoro wa VLAN ile. Wewe uko VLAN moja na seva bila shaka?

mwana_uyole: Ndiyo dada, VLAN moja.

dada_wa_neti: Basi ingia kwenye interface ya VLAN hiyo weka arp timeout 270, yaani ARP ikae sekunde 270 tu. Ikikaribia kuisha swichi inamuuliza seva, seva ikijibu MAC yake inasomwa upya kabla ya 300 kufika.

fundi_kihesa: Naunga mkono, ila angalia idadi ya vifaa kaka, kila ARP inayofufuliwa inapita kwa prosesa. Kwa hosteli haina shida, kwa mtandao wenye maelfu ya vifaa heri kuongeza muda wa MAC badala ya kupunguza ARP. Na usiweke subneti ya /16 (mtandao mmoja wenye anwani kama elfu 65) kwa watu mia mbili, mmoja akiskani anwani zote hizo prosesa inahangaika kuuliza majirani ambao hawapo.

mwana_uyole: Nimeweka 270 tangu saa nne asubuhi, sasa hivi saa tisa na Wireshark sijaona hata pakiti moja ya seva. Printa bado inapoteza ile ya kwanza ila sasa najua kwa nini. Asanteni sana wakuu, nilikuwa nimeshaandaa barua ya kuomba swichi mpya.