Mbwa kwenye nyumba yenye watoto: tupeane uzoefu wa kumchagua na kumfunza

Mama Mapacha

Salaam wakuu. Mada hii ni ya wenye watoto wadogo wanaofikiria kuleta mbwa nyumbani, na wale ambao tayari wanaye. Swali la "mbwa gani anafaa watoto?" kila mara hujibiwa kwa jina la aina: chukua Labrador, chukua Golden Retriever, basi. Kwangu mimi hilo ni nusu ya jambo. Mbwa ataishi nanyi miaka 10 hadi 13 hivi. Nusu iliyobaki ni nani atamfunza, na nani atawafunza watoto kuishi naye.

Naanza na yangu. Nilitaka mtoto wa mbwa, nikaenda kumwona akiwa bado kwa mama yake. Mama mtu ndiye wa kutazamwa kwanza: akiwa mtulivu mgeni anaposogelea wanawe, dalili njema, akiwa wa kujificha au kurukia watu, mimi naondoka. Kisha nikakaa chini kimya, wakaja wenyewe. Mmoja aliwakanyaga wenzake wote ili anifikie, mwingine alijibanza kwenye kona na hakutoka kabisa. Nikamchagua aliyekuja taratibu, akaninusa vidole, nilipombeba akajipinda kidogo halafu akatulia.

Muuzaji alitaka nimchukue akiwa na wiki 5. Nilikataa, nikamfuata alipotimiza 8. Wiki hizo ndizo anazojifunza kwa ndugu zake kupima nguvu ya meno: aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akilikosa somo hilo kwao, atakuja kulisomea kwenye mikono ya wanao.

Tena kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, anachokutana nacho bila kutishwa hukizoea upesi. Kwa hiyo nilimzoesha mapema kelele za watoto, sufuria kuanguka, baiskeli, watu wenye kofia. Chanjo zilikuwa hazijakamilika, basi nje nilimbeba mkononi.

Shangazi wa Wote

Kwenye mtoto wa mbwa naomba nipingane nawe, dada. Mwenye kichanga ndani namshauri achukue mbwa mtu mzima, wa miaka miwili au zaidi, ambaye tabia yake inajulikana na ambaye ameshaishi na watoto. Mtoto wa mbwa ana meno kama sindano, anataka kutolewa nje usiku, anatafuna kila kitu. Mzazi asiyelala atapata wapi subira hiyo? Wetu alikuja mkubwa. Kabla hatujamchukua tulimtembelea zaidi ya mara moja tukiwa na watoto, tukamwona ana njaa, ana usingizi, anacheza.

Baba wa Wanne

Mimi nasisitiza kazi ya asili. Wetu ana damu ya Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Watoto wakikimbia uani, naye anawazunguka na kuwadonoa visigino ili wakae kundi moja. Huo si ukali, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Kumfokea hakukusaidia kitu, maana kelele zilimzidishia mori. Kilichofaa ni kuwafundisha watoto wasimame wima, wakunje mikono, watazame chini. Mchezo unakufa hapohapo. Na kila siku kabla watoto hawajatoka, anachoshwa kwanza kwa kurushiwa mpira na kutafuta vitu vilivyofichwa.

Bibi Subira

Naomba nieleze kuhusu kunguruma, maana hapa ndipo watoto wengi huumizwa.

Mbwa wetu alianza kumngurumia mwanangu wa kiume akipita karibu na bakuli. Ndugu wakaniambia mchape, atazoea. Nilikataa katakata. Kunguruma ni onyo. Ukimchapa kwa kuonya, hofu yake inabaki palepale ila onyo linaondoka, na siku nyingine anang'ata bila kutangulia kusema.

Tulichofanya: kwanza akawa anakula chumba kingine, mlango umefungwa, mtoto hafiki. Kisha mimi, si mtoto, nikawa napita kwa mbali na kumtupia kipande cha nyama kilicho kitamu kuliko kilichomo bakulini, halafu naenda zangu. Nilisogea pale tu alipokuwa hakakamai. Ikafika mahali akisikia hatua zangu anainua kichwa huku mkia umelegea. Hata hivyo, kanuni ya watoto kutogusa bakuli haijabadilika.

Na kabla ya kunguruma huwa amekwisha kusema mengi. Binti yangu alipenda kumkumbatia shingoni. Watu wanasema "tazama wanavyopendana", lakini mtazame mbwa: amegeuza uso pembeni, masikio yamelala nyuma, anajilamba pua wala hakuna chakula, weupe wa jicho unaonekana. Mwingine hupiga miayo na hana usingizi. Akikakamaa ghafla, mtoe mtoto saa hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida. Sasa binti anamwita, anamkuna kifuani kidogo, anaacha. Akisogea tena anaendelea, akiondoka anaachwa. Na akiwa kwenye mkeka wake hafuatwi na mtu.

Mtu wa Mifugo

Nyongeza fupi ya afya. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi afike wiki 12, kwani minyoo ya mbwa huambukiza watoto wanaochezea udongo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12 hivi, na irudiwe kama daktari alivyopanga. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Chokoleti, zabibu na vitunguu visimfikie mbwa.

Mgeni Hapa

Je, mbwa mlinzi anayefungwa mnyororo mchana kutwa anaweza kuzoeshwa watoto?

Mama Mapacha

Anaweza, ila mnyororo ndio wa kushughulikia kwanza. Aliyefungwa hana pa kukimbilia akiogopa, kilichobaki ni meno. Mpe uzio au banda lenye nafasi na matembezi ya kila siku. Amri za "kaa", "njoo" na "achia" zifunzwe na mtu mzima kwa vipindi vya dakika tano, zawadi itoke papo hapo akitii. Akishazitii ndipo watoto waonekane kwa mbali, wametulia, na kila wakionekana apate kitu kitamu. Kamba iwe mkononi mwako, na usimwache mtoto naye peke yao hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango. Akiwa ameshawahi kumng'ata mtu, usijaribu mwenyewe. Tafuta mkufunzi asiyetumia kipigo.