Ujumbe wa sauti: "Ziwa Tanganyika litalipuka kama Nyos". Kuna ukweli?

Mwambao_KG:
Wakuu, magrupu ya hapa Kigoma yanazungusha ujumbe wa sauti kuwa wanasayansi wamegundua gesi chini ya ziwa, na kwamba maji kupanda kwenye fukwe za Kibirizi ni gesi inayosukuma kutoka chini. Eti ziwa litalipuka kama lile la Nyos, Kameruni, watu wa Ujiji wahame. Umeambatana na picha ya ziwa lenye maji mekundu. Naomba hesabu, siyo "puuza tu". Wazee wetu hawalali kwa ajili ya huu ujumbe.

Kina1470:
Gesi ipo, na si ugunduzi wa juzi. Anayekujibu kwamba hakuna gesi kabisa naye anakupotosha.

Maji ya juu ya Tanganyika hayachanganyiki na ya chini kabisa. Upande wetu wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi, kusini inashuka hadi karibu 200. Chini ya hapo kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, pamoja na methani, gesi inayoweza kuwaka. Makadirio yaliyochapishwa 2011 yanasema methani yote inazidi tani milioni 23. Namba hiyo ikitajwa peke yake inatisha, sasa igawe kwa maji yaliyomo, kilomita za ujazo 18,900. Unapata miligramu 1.2 hivi kwa lita. Huo ni wastani: juu ni karibu sifuri, chini ni zaidi. Basi zidisha mara tano, uwe mkali kabisa: miligramu 6.

Maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika methani kama miligramu 20 kwa lita kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, yaani hapo juu usoni mwa ziwa. Kila ukishuka mita 10 mgandamizo unaongezeka kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo kwenye mita 1,000 uwezo wa maji kushika gesi unafika karibu mara 100. Gesi hutoka kwa kishindo, kama soda iliyotikiswa, pale tu inapozidi kile maji yanachoweza kushika. Hapa kwetu haijafikia hata kile ambacho maji ya usoni mwa ziwa yanaweza kushika.

Jiwe_la_Bonde:
Hesabu imekaa sawa. Naongeza kuhusu Nyos, maana ndipo ujumbe unapochanganya mambo.

Gesi iliyofumka Nyos tarehe 21 Agosti 1986 haikuwa methani, wala hapakuwa na moto. Ilikuwa kabonidayoksaidi. Nyos ni shimo la volkano lenye kina cha mita 208, na gesi hupanda kutoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyo chini yake. Ilipofumka, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ilitiririka mabondeni na watu wapatao 1,700 wakakosa pumzi, wengine wakiwa mbali na ziwa kilomita 25. Baadaye maji yakawa mekundu kwa sababu chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya chini kilipanda kikakutana na oksijeni. Picha za Nyos za wakati ule ziko hivyo, kwa hiyo ihifadhi picha uliyotumiwa, ifungue kwa Google Lens (zana ya kutafuta kwa picha), utafute ilipotokea mara ya kwanza. Usiishie kwenye jibu la juu, kwa kawaida hapo hukaa nakala mpya.

Ziwa la ukanda wetu linalostahili kuchungwa ni Kivu: methani kama kilomita za ujazo 60 na kabonidayoksaidi 300, ndani ya ziwa dogo. Kwa kila lita, methani yake ni zaidi ya mara 50 ya Tanganyika. Hata hivyo lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia Kivu Januari 2002 na gesi haikufumka. Na huku kwetu tarehe 5 Desemba 2005 lilipita tetemeko la 6.8 chini ya eneo la ziwa. Ziwa lilibaki na gesi yake.

Lukuga:
Maji kupanda ni suala la mvua. Mto wa kutolea maji ni mmoja, Lukuga, upande wa Kalemie, Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke. Misimu ya mvua kubwa ikifuatana, mito ya Malagarasi na Ruzizi huingiza kuliko kinachotoka. Miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa.

Anayetaka kupima: simika nguzo yenye alama za sentimita mahali pasipo mawimbi, soma kila alfajiri kabla ya upepo, andika na mvua ya siku hiyo. Wengi hukosea kwa kulinganisha Novemba na Mei. Kila mwaka maji huwa juu mwishoni mwa masika na chini mwishoni mwa kiangazi, tofauti ikikaribia mita moja. Linganisha Mei na Mei.

Mwambao_KG:
Asanteni sana. Na mapovu yanayoonekana kwenye matete?

Kina1470:
Hiyo ni gesi ya majani yanayooza kwenye tope, kina kifupi, haina uhusiano na vilindi. Kinachofaa kuripotiwa ni samaki wengi kuelea ghafla. Wasiliwe wala wasianikwe. Andika saa, mahali, upepo unatoka wapi, rangi na harufu ya maji, piga picha, upeleke TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Kigoma siku hiyo hiyo, kwa sababu samaki wakishaoza sababu ya kufa kwao haipimiki tena.