Wamehesabu vijiko, matairi wameyapaka dawa yang'ae

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, mnisamehe nikirukaruka.

Likizo ya kiangazi tulikubaliana mimi, mama watoto, watoto watatu na mama mkwe kwamba safari hii hakuna hoteli. Tukakodi trela la kulala, lile la ekseli mbili, lenye vitanda, jiko la gesi, friji na choo, tulivute kwa gari letu kwa siku kumi. Kampuni siitaji, bado tunavutana.

Siku ya kukabidhiwa alikuja kijana na fomu ya kurasa nne. Vijiko 12. Mito 6. Sufuria 3 pamoja na mifuniko yake. Tukalizunguka trela, kila mkwaruzo wa rangi anauchora kwenye fomu na mimi nasaini. Mama mkwe akamsifia, "Kijana makini huyu." Hata mimi nilimwamini. Matairi yalikuwa meusi yanang'aa kama viatu vya askari wa gwaride, kashata (yale meno ya tairi) zimejaa, hakuna kipara popote. Nikapiga picha ya godoro lenye doa, nikaridhika.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Niko barabara kuu, mwendo 90 wala sizidishi, maana trela si kitu cha kukimbizana nacho. Nikahisi gari zito, kama kuna mtu amekanyaga breki nusu. Lori la nyuma likaanza kunipigia taa na honi. Kuangalia kioo cha pembeni, vipande vya mpira vinaruka hewani. Hapo hapo trela likaanza kucheza mkia, kulia, kushoto, kulia.

Nilikuwa nimeshasoma kabla kwamba trela likiyumba usikanyage breki ya gari kwa nguvu, utalikunja. Nikaachia mafuta, usukani nikaushika umenyooka, nikabonyeza kile kidude cha breki za trela peke yake. Likatulia. Nyuma watoto kimya kabisa, mama mkwe anasali kwa sauti.

Sasa ngojeni niwaambie tairi la trela likipasuka linafanya nini, kwa sababu mimi nilidhani ni pancha tu, unabadilisha unaendelea. Ule utepe wa mpira wenye nyaya za chuma ndani yake unageuka mjeledi. Kila gurudumu likizunguka, unachapa trela kwa chini. Madigadi imeng'oka. Sakafu chini ya kitanda cha watoto imetoboka, unaona lami. Bomba la maji machafu limekatika, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Nyaya za taa za upande ule zimenyofolewa zote.

Jeki ya gari letu fupi, haifiki. Spana ya gari letu haiingii kwenye nati za trela, saizi nyingine kabisa. Nikaitoa ile fomu tukufu: kifungua chupa kipo, jeki na spana havipo. Nikapiga namba yao ya dharura. Jibu: "Leo wikendi, tafuta fundi, risiti utatuletea." Tukakaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne, watoto nimewapandisha nyuma ya kingo za barabara, mbali na magari.

Fundi alipokuja akalifungua tairi, akaligeuza upande wa ndani, akalifuta kwa kitambaa. "Bosi, unajua hili tairi limezaliwa lini?" Akanionyesha tarakimu nne, 3116. Wiki ya 31, mwaka 2016. Nikalala chini ya trela na tochi ya simu kuangalia mengine matatu: 2016. Tairi la spea: 2016. Yaani trela limetoka kiwandani na matairi hayo na hakuna aliyewahi kuyagusa, isipokuwa kwa brashi ya dawa ya kung'arisha.

Ndiyo maana kashata zilikuwa nzima. Trela halitembei kama gari. Miezi kadhaa limesimama juani, matairi yamebeba uzito pale pale, mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Tairi linazeeka bila kuisha. Wengi wenye matrela hubadilisha matairi kati ya mwaka wa tano na wa sita hata kama yanaonekana mapya. Na ile tarehe mara nyingi inaandikwa kamili upande mmoja tu wa tairi. Sisemi walifanya makusudi. Nasema tu kwamba yote manne yalikuwa yameifichia tarehe kwa ndani.

Kosa langu ni moja na nalikubali kabla hamjanirukia: sikuwa na kipima upepo. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, na tairi lenye upepo mdogo hupata moto haraka. Mama watoto ameshanihubiria hilo, hamna haja ya kurudia.

Tumerudi, nikadhani wataomba radhi. Wamezuia amana yote. Eti tulizidisha mzigo! Bahati nzuri, siku ya pili baada ya tairi kupasuka, kabla hatujashusha hata mto, nililipitisha trela kwenye mizani kwa sababu nilishaanza kunusa maneno hayo. Karatasi ya mizani inasema kilo 1,640. Kibao cha trela lenyewe kinaruhusu 1,800. Ubavuni mwa tairi kuna namba 94, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 670. Piga mara nne: 2,680. Sasa mzigo ulizidi wapi?

Nikawatumia karatasi. Wakajibu kwamba haithibitishi kitu, huenda tulipunguza vitu kabla ya kupima. Tupunguze nini jamani, mama mkwe?

Nikawatumia picha za 3116. Hapo wakanyamaza siku sita. Kisha wakaja na barua mpya: madigadi, sakafu, bomba, nyaya, usafi, na kijiko kimoja hakionekani. Wallahi kijiko kimo kwenye orodha, na kimewekewa bei yake. Kuhusu umri wa matairi hakuna hata sentensi moja.

Nauliza wenye uzoefu: mkataba unasema "mteja amekagua na kuridhika na hali ya trela" na saini yangu ipo. Je, saini hiyo inanifunga kwa kitu ambacho lazima ulale mgongoni chini ya trela ndipo ukione? Kuna aliyewahi kudai amana yake kwa hali kama hii akafanikiwa? Alianzia wapi?

Jana wamepiga simu tena, safari hii kwa upole mwingi. Wanataka niwarudishie lile tairi lililopasuka kwa sababu "ni mali ya kampuni". Liko stoo, nimelifunga mnyororo. Silitoi.