Kidari cha mwanangu kimeingia ndani: ukali wake hupimwaje?

Mama Yussuf, Wete
Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 12 ana kidari kilichoingia ndani tangu mdogo, na mwaka huu alivyoanza kurefuka shimo limezidi, hata akilala chali pwani maji hutuama pale katikati kiasi cha kikombe cha kahawa. Akicheza mpira huchoka kabla ya wenziwe, na siku hizi hataki kuvua fulana. Daktari ametuagiza picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kifua, akataja 3.25. Namba hiyo inatokana na nini, na baada ya tiba tutajuaje kuwa imefaa?

Fundi wa Mionzi, Unguja
Wa alaykum salaam. Hicho ni kipimo cha Haller, kinachotumika tangu 1987. Pale shimo linapozama zaidi, hupimwa upana wa ndani wa kifua kutoka ubavu hadi ubavu, kisha ukagawanywa kwa nafasi iliyobaki baina ya kidari na uti wa mgongo. Kifua cha kawaida hutoa kama 2.5, lakini upana wa sentimita 24 na nafasi ya sentimita 6 hutoa 4. Ikizidi 3.25 madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji, ingawa namba peke yake haitoshi: hutazamwa pia moyo kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, na mapafu kwa kupuliza. Tena namba hubadilika pumzi ikivutwa au ikitolewa, kwa hivyo kipimo cha baadaye kifanywe kama cha mwanzo, la sivyo mtalinganisha vitu viwili mbalimbali.

Baba Salim, Mkoani
Wangu aliwekewa chuma chini ya kidari kwa njia ya Nuss, kikakaa miaka 3 ndipo kikatolewa. Kosa letu ni kuwa hatukumpiga picha kabla, na leo kila mtu nyumbani ana kumbukumbu yake ya lile shimo. Mpige picha mbele na ubavuni, kwa umbali ule ule kila mara. Pia muulize mwenyewe, sasa na baadaye, kama anaona haya na anachoka kiasi gani, na uandike majibu yake, kwani aibu haionekani kwenye CT.

Mama Yussuf, Wete
Ahsanteni sana. Nimempiga picha jioni hii mlangoni. Amekubali kwa sharti kuwa dada yake asizione.