Kigoda cha gogo moja, seti ya mninga au mbao za mtumbwi? Naomba uzoefu wenu

Binti_Kisesa
Mwangaluka wadau. Nimehamia kwangu huku Buswelu, sebule bado tupu, nina kama laki nane na sitaki yale makochi ya kila nyumba. Mwezi uliopita nilienda makumbusho ya Bujora, nikasimama pale kwenye banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kigoda cha enzi, nikasema hiki ndo nataka, mgeni akiingia ajue kafika kwa Wasukuma. Njia nilizopata ni tatu: kuna mzee Magu anachonga vigoda vya gogo moja, kuna fundi Nyakato anaunga seti ya mninga ila miguu anaichonga kama vigoda, na kuna vijana wanatengeneza meza kwa mbao za mitumbwi iliyochakaa. Mngekuwa nyie?

Mama_wa_Kirumba
Mwanangu kigoda mimi nilinunua, sio kwa huyo mzee wako, kwa mtu mwingine. Kizuri kweli, kinang'aa. Miezi miwili tu kikapasuka kwenye kikalio, ufa unaingia kidole, mjukuu wangu kakaa akabanwa paja akalia mpaka jirani akaja. Nampigia simu aliyeniuzia ananiambia "mama huo ndo uasili wenyewe". Uasili! Sasa hivi kinazuia mlango wa jiko.

Fundi_Igoma
Pole mama, hilo gogo lilichongwa na moyo wake, ule wa katikati, ndani. Mti ukikauka unasinyaa zaidi kufuata mzunguko wa zile pete kuliko kuelekea katikati, sasa kama moyo upo ndani lazima upasuke tu hata upake vanishi ndoo nzima. Anayejua kazi anapasua gogo kwanza, moyo anautoa, anachonga likiwa bado bichi maana tezo inakula vizuri, anaacha unene wa ziada halafu anakifukia kwenye maranda kivulini mpaka kikauke polepole ndo anarudi kumalizia na msasa. Dada, ukifika Magu usianze na bei, muulize moyo kauweka wapi. Akikushangaa geuza pikipiki.

Mkerewe_Halisi
Mbao za mtumbwi ni nzuri kwa macho, ile rangi ya buluu iliyobanduka huwezi kuipata dukani. Ila zimekaa majini miaka, zinataka kukaushwa hasa, na misumari imejificha ndani na pamba ya kuzibia, fundi anapitisha randa anavunja kisu halafu gharama anakuongezea wewe. Halafu mimi meza yangu mvua ikinyesha inanuka dagaa mpaka leo, siongei utani.

Jembe_Nyamagana
😂😂 dagaa

Me nina swali tofauti, usukuma uko wapi hapo? Huyo wa Nyakato kazi zake nimeziona, miguu ya kigoda chini, juu kioo, pembeni maua ya dhahabu, hiyo ni suti na kandambili. Angalieni Jomo Tariku, yule Muethiopia aliyeko Marekani, kiti chake cha Nyala hajachora mnyama popote, kachukua ule mkunjo wa pembe za nyala, aina ya swala wa milima ya kwao, akaufanya egemeo la mgongo. Ukikaa unaegemea pembe. Ukitaka cha kwenu kachukue kimo na umbo la kikalio cha isumbi, yaani kigoda cha Kisukuma, ya bibi yako, urembo uache.

Fundi_Igoma
Hapo Jembe umesema. Ila mninga msiutukane, unatulia, haupindi hovyo, mchwa hawauwezi, ndo maana bei yake iko juu. Shida ni ule wa kupakwa rangi, chini ni paini tupu. Pindua meza, kwangua kwa kisu kule chini ambako hakuonekani, ukikuta weupe umeshaibiwa. Na kama unanunua mbao mwenyewe umpelekee fundi, dai na kibali cha TFS, wale wakala wa misitu, usije kulala kizuizini na mbao zako.

Mama_wa_Kirumba
Na viungo je? Mie wa kwangu walipiga misumari.

Fundi_Igoma
Ulimi na tundu mama, na gundi. Ukiona kichwa cha msumari kwenye mguu wa kiti ujue fundi alikuwa na haraka.

Binti_Kisesa
Wabeja sana wote. Mrejesho: jana nimeenda Magu. Meza nitaunga ya mninga, ya kawaida, bila maua. Vigoda nimelipia advansi viwili, nitavichukua baada ya mavuno maana kasema hakimbizwi. Nilimuuliza kama Fundi alivyoelekeza, mzee moyo umeuweka wapi? Akacheka, akaninyooshea kidole jikoni, mkewe alikuwa anausongea ugali.