Walimu wa shule ya misheni Magila walipelekwa Tabora kufanya nini?

Mbondei_Asilia:
Wakuu, mwenye kujua historia ya shule ya misheni Magila kule Muheza anisaidie. Baba yake babu alikuwa mwalimu pale enzi za Mjerumani, na nyumbani tumekua tukisikia tu "alichukuliwa Tabora" Vita ya Kwanza ilipoanza, sasa Tabora kufanya nini maana hakuwa askari wala mpagazi, yeye ni chaki na Biblia tu.

Mzee wa Reli:
Alipelekwa kifungoni mkuu. Magila ilikuwa ya UMCA, Waanglikana wa Uingereza, askofu wao anakaa Zanzibar kwa Mwingereza, halafu nchi ni ya Mjerumani, kwa hiyo 1914 vita kulipuka tu kila aliyesomeshwa na hao akaonekana jasusi. Na Muheza ipo kwenye reli ya Tanga, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yalikuwa pua na mdomo, shaka ikazidi. Mapadri wazungu waliwekwa kizuizini, wengine Kiboriani juu ya Mpwapwa kisha Tabora, ila walimu wetu ndio walioonja joto ya jiwe hasa, minyororo, viboko na kazi za sulubu, na walimu wa CMS, misheni nyingine ya Waanglikana wa Uingereza, kule Ugogo na Ukaguru yaliwakuta hayohayo. Walitoka Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916.

binti_korogwe:
Naongezea, Martin Kayamba, aliyekuja kuanzisha TTACSA, chama cha Waafrika watumishi wa serikali, pale Tanga 1922, alisoma Kiungani, shule ya UMCA Zanzibar, na alifungwa Tabora vilevile, maisha yake aliyaandika mwenyewe. Mtafute huyo kwanza. Mimi kinachoniuma ni kwamba Askofu Weston, huyo wa UMCA Zanzibar, kuongoza wapagazi wa Zanzibar 1916 kila mtu anakijua, lakini hao walimu waliokula minyororo ukiuliza majina unaambiwa "walimu kadhaa". Kadhaa gani jamani, wana watoto na wajukuu hawa!

Mbondei_Asilia:
Dah, nashukuru sana, mama nimemsomea hapa kanyamaza kimya. Majina nitayapata wapi sasa?

Mzee wa Reli:
Anza na daftari za ubatizo na ndoa hapohapo parokiani, ongea na padri vizuri. Nyaraka za UMCA zenyewe ziko Oxford, maktaba ya Bodleian, waandikie kwa imeli uwape jina la ubatizo la mzee, maana wamishenari wengi waliandika hilo tu, la ukoo wanaliacha.