Kwenda kushindana jigso peke yangu: mashindano ya dunia, mashindano madogo, au mtandaoni?

Fremu_Kwanza (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu. Nimeamua kwenda kushindana jigso, yaani kuunganisha vipande vya picha, ukumbini, nimechoka kushindana na saa ya simu. Jigso ya vipande 500 huwa namaliza kati ya saa moja na saa moja na robo, na picha ikiwa na anga kubwa nachelewa zaidi. Wa kuandamana naye sina. Nyumbani wananiuliza kwa nini mtu apande ndege akapange picha iliyokatwakatwa makusudi, na jibu la kuwaridhisha sijalipata. Nitakwenda mwenyewe.

Njia ninazozipima ni hizi. Ya kwanza ni mashindano ya dunia kule Valladolid, Hispania, mwezi wa Septemba, niingie mchezaji mmoja mmoja. Ya pili ni huko huko, ila nijiandikishe pia wawili wawili na mtu nitakayempata mtandaoni. Ya tatu ni mashindano madogo ya siku moja, yawe ya kitaifa au ya mji fulani, mahali nitakapofika bila kubadili ndege mara tatu. Ya nne ni kuahirisha safari, nishindane kwanza mtandaoni kwa kamera, kila mtu akiwa kwake.

Naomba mnilinganishie, hasa mliowahi kwenda bila mwenzi. Kutiana moyo tuweke kando, mimi nataka mnichambulie.

Mzee wa Kona

Kabla ya ndege na hoteli jiulize jambo moja: safari nzima hiyo utakaa mezani mara ngapi? Valladolid kwa mmoja mmoja kuna makundi ya mchujo, kisha nusu fainali, kisha fainali. Raundi ni dakika 90, jigso ni ya vipande 500, wote mnapewa picha moja ambayo hakuna aliyewahi kuiunganisha. Usipovuka mchujo, kazi yako imekwisha. Siku zilizobaki wewe ni mtazamaji mwenye kitambulisho shingoni.

Sasa weka muda wako hapo. Vipande 500 kwa dakika 90 ni kipande kimoja kila sekunde 11 hivi, na huo ni mwendo wa kumaliza tu. Anayemaliza kwa dakika 45 anaweka kipande kila baada ya sekunde tano na ushee, na mabingwa wa siku hizi wana kasi kuliko huyo. Wewe kwa saa moja na robo utamaliza, ila kuvuka ni habari nyingine, tena ukumbini watu wengi hushuka kasi kuliko walivyozoea nyumbani.

Ningekuwa wewe ningechukua ya tatu. Siku moja, gharama ndogo, unajua ukumbi unakufanyaje, unarudi. Valladolid haihami.

SaaInaenda

Mzee wa Kona nakuheshimu, lakini hapo umesahau kwamba huyu anakwenda peke yake. Kwa mtu asiye na mwenzi, mashindano madogo ndiyo magumu. Watu wanakuja na familia zao au na kikundi chao cha kila wiki, wanakaa pamoja, kipenga kinalia, wanaunganisha, wanapongezana wenyewe kwa wenyewe, wanaondoka. Saa nne baadaye uko kwenye kiti cha basi na hujaongea na mtu ila mwamuzi aliyehakiki jigso yako.

Mashindano ya dunia yanakwenda kwa siku kadhaa, wanakuja watu kutoka nchi nyingi, na wengi wao wako hivyo hivyo kama mleta mada. Kati ya raundi na raundi kuna muda mrefu wa kusubiri, na huo muda ndio unaozaa marafiki. Watu wanabadilishana jigso walizomaliza, wanabishana kama ni haki kuweka anga tupu kwenye picha ya fainali, wanaulizana trei za kuchambulia vipande zimenunuliwa wapi. Huhitaji kujua kujichanganya. Ukisimama tu nyuma ya kamba ukaangalia kundi linalofuata, aliye jirani yako ataanza kukunong'oneza kwamba yule wa meza ya tatu ameacha fremu, vile vipande vya pembeni, akaanza na uso wa paka.

Halafu hili la kutovuka. Wasiomaliza wanapangwa kwa idadi ya vipande walivyounganisha, kwa hiyo hata wa mwisho anaondoka na nafasi yake kwenye orodha. Hayo ni matokeo halali, mkuu, si aibu.

Mkaa_Nyumbani

Mimi ni wa njia ya nne na sioni haya. Unatumiwa jigso iliyofungwa, hufungui, siku ikifika unaifungua mbele ya kamera pamoja na wenzako, saa inaanza. Hakuna viza, hakuna usingizi wa hoteli. Taa ni zako, meza ni yako.

Na ndiyo sababu nakuambia haitakufundisha kitu kuhusu ukumbi. Kama shida yako ni kasi, baki nyumbani. Kama unataka kujua mikono inafanyaje watu mia wanapomwaga vipande mezani kwa wakati mmoja, kamera haitakupa hilo. Sauti ile peke yake inatisha.

Bawaba

Hii ya pili watu wanaipita haraka na mimi ndiyo naiona yenye akili kuliko zote, kwa sababu ya hoja hiyo hiyo ya Mzee wa Kona. Ukijiandikisha mmoja mmoja na wawili wawili, una uhakika wa kukaa mezani mara mbili hata ukitolewa mapema kote kuwili. Safari ni ileile, tiketi ni ileile.

Tatizo ni mwenza usiyemjua. Nimewahi kucheza na mtu niliyekutana naye kwa ujumbe tu, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Kasi si jambo la kwanza. Wawili wenye dakika 60 wanaogawana kazi vizuri wanawashinda wawili wenye dakika 50 wanaogombea vipande vilevile. Muulize mwenzako anachukia nini. Kuna anayependa maandishi na vitu vyenye mistari, kuna anayeweza kukaa na majani ya kijani tupu bila kulalamika. Ukipata anayependa unachokichukia, mshike.

Kisha mkubaliane mapema: nani anafungua mfuko na kugeuza vipande, nani anakusanya vya pembeni, boksi lenye picha linasimama upande gani. Hilo la boksi linaonekana dogo. Mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza linaonekana kwa wote, mkikaa mkitazamana mmoja wenu anaunganisha picha kichwa chini, na kuna watu hawaiwezi hiyo kabisa. Kubalianeni pia nani anasema "badilisha" mnapokwama. Pasipo mtu wa kusema, wote wawili mtang'ang'ania kona moja hadi muda uishe.

Na fikeni mapema mkutane siku moja kabla, muunganishe jigso moja nzima pamoja. Moja inatosha. Msipoipata hiyo, mtatumia robo saa ya mashindano kusalimiana kwa viwiko.

Mzee wa Kona

Bawaba, hapo umenigusa. Sikuwa nimeihesabu ya pili kwa sababu nilimsoma mleta mada kama mtu wa peke yake. Kukaa mezani mara mbili kunabadilisha hesabu. Lakini mwenza akijitoa wiki mbili kabla?

Bawaba

Mleta mada anabaki na mmoja mmoja, hajapoteza safari. Ndiyo maana huwezi kwenda kwa wawili wawili pekee ukiwa na mwenza wa mtandaoni. Mmoja mmoja ndiyo mguu wa kusimamia.

Pasi_na_Begi

Niongeze ya njiani, maana naona mnaongelea meza tu.

Kwa mnaohitaji viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya ambalo Hispania imo: ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka eneo hilo, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Uthibitisho wa kujiandikisha unasaidia kueleza sababu ya safari, ila hauwi tiketi ya viza. Nafasi za kushindana zina kikomo, kwa hiyo mfululizo wa mtu wa peke yake ni huu: pata nafasi, omba viza, ndipo ulipe kisichorudishwa.

Valladolid kwenyewe ni rahisi kufika. Wengi wanatua Madrid Barajas, wanachukua treni ya mjini kutoka jengo la T4 hadi stesheni ya Chamartín, kisha treni ya mwendo kasi ya takriban saa moja hadi Valladolid. Njiani inapita chini ya milima ya Guadarrama kwenye handaki la kilomita 28 hivi, kwa hiyo ujumbe wa mwisho kwa nyumbani tuma mapema. Ukiwa peke yako usipange ndege inayotua usiku ukitegemea treni ya mwisho. Hakuna wa kukaa na mabegi wakati wewe unatafuta njia nyingine.

Begi la mkononi: trei za kuchambulia, miwani ya akiba kama unavaa, na jigso moja ya mazoezi. Iliyobaki ikipotea na begi kubwa utaishi bila hiyo. Jigso ya mazoezi itoe kwenye boksi, vipande kwenye mfuko wa zipu, picha ikate au ipige kwa simu.

Fremu_Kwanza (mleta mada)

Nashukuru, hapa ndipo nilipotaka tufike. Maswali mawili. Chumba: nilale peke yangu au nigawane na mshiriki mwingine? Na mazoezi: niendelee na jigso zozote nilizonazo?

SaaInaenda

Chumba, peke yako usiku wa kuamkia mchujo, hata kama siku nyingine mnagawana. Makundi hayachezi kwa wakati mmoja. Mwenzako akiwa kundi la asubuhi na wewe la jioni, ataweka kengele ya alfajiri na wewe utaamka naye. Na yeye akitolewa, utabeba huzuni yake usiku kucha.

Kabla ya kulipa chumba ulizia meza. Jigso ya vipande 500 kwa kawaida ni sentimita 49 kwa 36, ongeza nafasi ya trei pande zote. Vimeza vya hoteli vya kuwekea birika havitoshi, na kuunganisha kitandani kunaua mgongo.

Mzee wa Kona

La mazoezi: hapana, si zozote. Mashindano ya dunia yametumia jigso za Ravensburger tangu ya kwanza mwaka 2019, basi fanya nyingi za hao. Kila kampuni ina umbo lake la vipande na ukazaji wake. Vidole vikishazoea, unajua kwa mguso kwamba kipande kimeingia kweli ama kimedanganya. Kipande kilichodanganya ndicho kinachokula dakika kumi mwishoni, pale unapobaki na vitano na vyote havitaki kuingia.

Zoea pia kusimama. Wengi wanaunganisha wamesimama kwa sababu mkono unafika mbali na jicho linaona vipande vyote. Ukizoea kiti pekee halafu meza ya ukumbini ikawa juu au chini kuliko yako, utaona tofauti. Na zoea taa mbaya. Taa za ukumbini zinatoka juu, vipande vinang'aa, samawati na kijivu vinafanana.

Mkaa_Nyumbani

Naona njia ya nne mmeizika rasmi.

Bawaba

Hatujaizika, mkuu. Mwenza wa kucheza naye wawili wawili unampata wapi kama si huko kwa kamera? Muone anavyocheza kwanza, ndipo umtumie ujumbe. Mtu akijitangaza kwa maneno tu, dakika zake zipunguzie imani.

Dakika90

Mimi naomba niwe mgumu kidogo. Mnampeleka mtu mbali bila hata kuonja ukumbi. Saa moja na robo ya nyumbani ni ya taa yake, redio yake, na jigso aliyoichagua mwenyewe. Mashindano madogo hayamtengenezei marafiki, sawa, lakini yanampa dakika zake halisi. Akizipata ndipo atajua amwambie nini huyo mwenza. Kumwambia mtu "mimi ni wa saa moja" halafu ukumbini ukawa wa saa moja na nusu, hapo umemharibia na yeye.

SaaInaenda

Dakika90 hilo nakubali. Aende dogo lililo karibu kama kipimo tu, na asitegemee lolote zaidi ya namba.

Fremu_Kwanza (mleta mada)

Basi nimefikia hapa. Dogo la siku moja kwanza, kuchukua namba. Wakati huo huo najiandikisha mtandaoni kwenye ya kamera ili nione watu. Valladolid naomba mmoja mmoja, na wawili wawili nikipata mwenza kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa. Chumba ni cha peke yangu. Ya peke yake bila mwenza sijaiacha, ila sitaichagua nikiwa na uwezo wa kukaa mezani mara mbili.

Kwa hiyo natangaza: natafuta mwenza. Napenda majengo, madirisha, rafu za vitabu, chochote chenye mistari. Nachukia maji, anga na nyasi. Mkono wa kulia. Naweza kusoma picha ikiwa kichwa chini.

Nyasi_Tupu

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Napenda maji, anga na nyasi. Natumia mkono wa kushoto kwa hiyo viwiko vitagongana ukikaa kushoto kwangu, tutapanga. Mwezi huu nina shindano la kamera, njoo uangalie kwanza kama Bawaba alivyosema, usinipokee kwa maneno.

Fremu_Kwanza (mleta mada)

Nitumie siku na saa, nitakuwepo.

Pasi_na_Begi

Na majina kwenye fomu za kujiandikisha yalingane herufi kwa herufi na pasipoti, nyote wawili. Hayo majina ya humu jukwaani ubalozini hayaombewi viza.